Uso wa Mkulima Unatosha? Mawazo juu ya Soko za Miji ya Ufaransa

Wazee walituachia neno hili: uso umeumbwa na haya. Maana yake, mtu akisimama mbele yako, mkitazamana macho kwa macho, inamuwia vigumu kukudanganya. Neno hilo linahusu mambo mengi ya maisha, lakini pahali linapimwa kila siku ni sokoni. Katika kijitabu hiki tumezoea kusema juu ya desturi zetu wenyewe. Safari hii tunaomba msomaji akubali tutoke kidogo, tuangalie desturi ya wengine: soko za vyakula katika miji ya Ufaransa, na zaidi zile ambamo mkulima anakuja kuuza yeye mwenyewe. Swali letu ni moja tu: je, kuona uso wa yule aliyelima chakula chako inatosha kufanya soko iwe ya haki?

Kwa nini Ufaransa? Kwanza, kwa sababu watu wengi wa kwetu wanafikiri kwamba kule watu wanakula paka vitu vya makopo na vya friji. Haiko hivyo. Pili, ndugu zetu wengi wamekaa kule, na wale kati yetu waliobahatika kuwatembelea walishangaa kuona jumamosi asubuhi mji mzima umebeba vikapu. Tatu, Wafaransa wenyewe wanaihesabu jambo hili kuwa mila. Mwezi wa Novemba 2010, kamati ya UNESCO ilipokutana Nairobi, karamu ya Wafaransa iliandikwa katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Na katika maelezo ya karamu hiyo, kununua vitu vizuri, hasa vya mahali pa karibu, kumetajwa kama sehemu ya mila yenyewe. Kumbe karamu haianzi mezani, inaanza sokoni.

1. Soko zao ziko namna gani

Katika miji mingi midogo, soko haikai kila siku. Inakuja mara moja ama mbili kwa juma, asubuhi, na saa saba ya mchana yote imekwisha kufungwa. Watu wa komini wanafagia na kumwaga maji. Kila mji una siku yake. Louhans ni siku ya kwanza ya juma, Villefranche-de-Rouergue ni siku ya ine, Sarlat ni siku ya tatu na jumamosi, Rennes kwenye uwanja wa Lices ni jumamosi. Mji wa Revel, upande wa kusini, ulianzishwa mwaka 1342 kwa amri ya mfalme Philippe VI, na mpaka leo soko yake ya jumamosi inazunguka jengo la zamani lenye kusimama juu ya nguzo za mbao. Watu wa hapo hawasemi «tunaenda kununua». Kwao jumamosi bila soko ni kama juma lisilokwisha.

Soko si mali ya mtu binafsi. Baraza la komini njo linaamua kuiweka, na muuzaji analipa haki ya mahali kufuatana na urefu wa meza yake. Kuko na mtu anayepita kuikusanya ile feza. Kwa Kifaransa wanamwita «placier». Wamama wa soko wa kwetu wanamjua mtu wa namna hiyo vizuri sana! Tofauti ni kwamba kule bei ya mahali imepangwa na kuandikwa mbele, na hapiti mwingine nyuma yake kutoza tena.

Tutoe mifano miwili ili msomaji aone. Louhans iko katika inchi ya Bresse, ambako kuku ni jambo la heshima. Kuku wa Bresse ana manyoya meupe, kilemba chekundu na miguu ya bluu, na tangu mwaka 1957 jina lake linalindwa na sheria. Kila mmoja anapaswa kuwa na nafasi ya majani ya metre 10 za mraba, na akiuzwa kwa kuliwa anavalishwa pete mguuni yenye kumtaja mfugaji. Mtu akipata kuku mbaya, anajua mlango wa kugonga. Mfano wa pili ni kijiji cha Lalbenque, ambako siku ya pili ya juma, wakati wa baridi, wakulima wanaleta trufu, aina ya uyoga mweusi unaoota chini ya udongo na kuuzwa kwa mamia ya euro kwa kilo. Wauzaji wanajipanga nyuma ya viti virefu na vikapu vyao, wanunuzi wako ng'ambo ya kamba, na hakuna anayeruhusiwa kununua mpaka alama itolewe. Tajiri wa mjini na mzee wa kijiji wote wanangojea kamba ianguke.

2. Kwa nini watu wanashikilia soko

Msomaji asifikiri kwamba hizi soko zilibaki kwa sababu hapakuwa na kitu kingine. Mwezi wa Juni 1963, Carrefour ilifungua duka kubwa la kwanza la namna yake huko Sainte-Geneviève-des-Bois, karibu na Paris: chakula, nguo na petroli mahali pamoja. Mwaka 1969, soko kubwa ya jumla iliyokuwa katikati ya Paris ilihamishiwa Rungis, inje ya mji. Tangu hapo chakula kikaanza kupita mikono mingi ambayo mlaji haioni. Na wakulima wakapungua: mwaka 1955 Ufaransa ilikuwa na mashamba karibu milioni 2 na laki 3; mwaka 2020 yalibaki karibu 390 000. Mtoto wa mjini anaweza kukua bila kumjua mkulima hata mmoja.

Njo maana watu walianza kutafuta tena ule uso uliopotea. Mwaka 2001, karibu na Toulon na Aubagne, bwana na bibi Vuillon, wakulima wa mboga, walianzisha pamoja na walaji chama cha kwanza cha namna inayoitwa AMAP: mlaji analipa mbele sehemu ya mavuno ya musimu mzima, kisha kila juma anapewa kikapu. Mvua ikiharibu nyanya, mkulima hapati hasara peke yake. Katika hesabu ya mwaka 2020, karibu robo ya mashamba yote yalikuwa yanauza moja kwa moja kwa mlaji ama kwa kupitia mtu mmoja tu wa katikati.

Mwaka huo wa 2020 ulionyesha pia uzito wa jambo hili. Mwezi wa Machi, kwa ajili ya ugonjwa wa Covid, Serikali ilifunga soko za inje, lakini maduka makubwa ya chakula yakabaki wazi. Mameya wengi wa miji midogo waliandikia maprefe kuomba ruhusa ya kufungua tena, na wengi waliipata. Hoja yao haikuwa ya mila tu. Walisema: mboga inaoza shambani, na wazee wetu hawana pengine pa kununua. Yaani soko kwao haikuwa pambo la watalii.

3. Lakini uso unaweza kudanganya

Hapa wengine watasema: basi, swali limejibiwa, tumtafute mkulima, tumtazame usoni, haki itakuja yenyewe. Sisi tunaona mambo hayako mepesi hivyo.

Kwa kweli, katika soko nyingi za Ufaransa wengi wa wauzaji si wakulima. Ni wachuuzi walioamuka usiku kwenda kununua kwenye soko ya jumla. Hiyo si dhambi. Ni kazi, na kazi ngumu. Ubaya unaanza pale mchuuzi anapoweka nyanya ndani ya kikapu cha majani, anavaa kofia ya kijijini, anaandika kwa chaki «ya shambani kwetu», na nyanya imesafiri kilometa 1000. Uso wake uko pale, anacheka vizuri, anakuita kwa upole. Haya iko wapi? Wakaguzi wa Serikali wanaopeleleza udanganyifu wa biashara wamekuta mara kwa mara watu wa namna hiyo.

Kwa hiyo Wafaransa hawakuachia haya peke yake kazi ya kulinda ukweli. Sheria inataka bei iandikwe, na kwa matunda na mboga mbichi inataka pia inchi zilikotoka iandikwe. Vyumba vya kilimo navyo vimeweka alama ya «Marchés des Producteurs de Pays»: katika soko hizo anaruhusiwa kuuza paka yule aliyelima ama kufuga, na anauza vitu vyake tu. Wazee wetu walijua pia jambo hili, ndiyo maana walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Haya ni ya moyo, daftari ni ya wote.

Na tena kuko kitu ambacho sheria haiwezi kufanya: kuuliza. Mnunuzi aliyezoea anauliza: «Hii ulivuna lini? Kwa nini leo hakuna maharagi?» Mkulima wa kweli anajibu bila shida. Mwezi wa pili atakuambia nyanya hana, ungoje jua. Yule ambaye ana kila kitu musimu wote, huyo njo wa kutilia mashaka. Basi faida ya uso haiko katika kuonekana. Iko katika kuulizwa na kujibu.

4. Bei, na yule asiyekuwa na kitu

Ndugu zetu wanapofika mara ya kwanza kwenye soko ya kule wanaanza kama nyumbani: «Mama, punguza kidogo!» Muuzaji anawatazama bila kuelewa. Bei imeandikwa, kitu kinapimwa kwa kilo, si kwa mkebe wa guigoz, na kupatana bei hakuko sana. Wengine wetu wanaona hiyo ni baridi ya Wazungu. Lakini tuangalie vizuri. Uhusiano uko, ila umekaa pengine. Mtu anapanga mustari mbele ya meza ile ile miaka 20, hata kama meza ya pembeni haina watu. Na mwishoni matabisi inakuja yenyewe: kifungu cha majani ya persil, ama kipande cha soseji kwa mtoto.

Sisi tunapenda kusema kwamba kupatana bei ni mazungumzo, ni kutambuana. Ni kweli. Lakini tujiulize bila kujificha. Mama anayetoka Kabare ama Walungu, amebeba sombe na viazi kichwani, amelipa kwenye bariera, anafika mjini jua limekwisha kuwa kali. Tunajua kwamba hawezi kurudisha ule mzigo. Tunapunguza bei, tunapunguza tena, kisha tunadai na matabisi juu. Uso wake tunauona kila siku, na haya haitushiki. Kumbe uso haukosekani kwetu. Kinachokosekana ni kumuuliza swali moja: «Kwa bei hii, wewe unabaki na nini?»

Pia tusiisifu Ufaransa kupita kiasi. Kuku wa Bresse na jibini ya mfugaji si kwa kila mfuko. Kuko familia, na kati yao familia nyingi za wageni, ambazo zinapita soko ya wakulima kama mtu anayepita kwenye duka la zahabu. Soko inayomlipa mkulima vizuri inaweza kumfungia maskini mlango, na hapo haki ya mmoja inagongana na haki ya mwingine.

Desturi yao ina jibu la zamani, hata kama ni dogo. Mwaka 1554 mfalme Henri II alitoa amri ya kuwaachia maskini, wazee, vilema na watoto haki ya kuokota mashambani masazo ya mavuno. Leo, soko inapofungwa, utaona watu wanapita kati ya masanduku wakichagua saladi na matunda yaliyobaki. Bibi Agnès Varda aliwaonyesha katika filamu yake ya mwaka 2000, Les Glaneurs et la Glaneuse. Mmoja wao alikuwa mtu wa masomo aliyekula masazo ya soko za Paris, na magaribi alikuwa anafundisha Kifaransa bure kwa wageni, wengi wao wa Mali na Senegal. Mwaka 2016 sheria ikakataza maduka makubwa kuharibu chakula kinachofaa kuliwa. Yale yanayopita metre 400 za mraba yanapaswa kupatana na vyama vya kusaidia maskini. Hata hivyo kuokota si haki kamili. Anayeokota hana neno juu ya kile anachokula, na hakuna anayemuuliza kitu.

5. Tunachoshika

Tukusanye mawazo. Uso wa mkulima ni kitu kikubwa, na inchi iliyoupoteza inatumia nguvu nyingi kuutafuta. Lakini hautoshi. Unahitaji ukweli ulioandikwa, ili mwongo asijifiche nyuma ya kicheko. Unahitaji mlaji anayeuliza na anayekubali kusikia jibu, hata kama jibu ni bei ya juu kuliko alivyotaka. Na unahitaji watu wakumbuke yule wa tatu, anayesimama pembeni mfuko mtupu.

Hatusemi tuige soko za Ufaransa na vikapu vyake. Udongo wetu ni mwingine, na wamama wetu wanajua kuuza tangu zamani. Tunasema tu kwamba sisi bado tuko na kitu ambacho wengine wanakinunua kwa gharama: mkulima wetu anasimama mbele yetu kila asubuhi, jina lake tunaweza kulijua, kijiji chake tunaweza kufika kwa miguu. Mwenye bahati hiyo na hamuulizi hata jina, haya ya uso wake imekwenda wapi? Kila msomaji ajibu mwenyewe, siku atakapotumwa tena kununua mboga.