Fedha kwa Nani, Deni kwa Nani?

Katika vitongoji vya Nairobi maduka makubwa yenye matawi mengi yamesogea karibu na maduka madogo ya mtaani. Je, ni kosa kununua huko? Sisi twaona si kosa. Anunuaye shehena nzima huweza kupunguza bei, na mwenye mshahara mdogo hana budi kutafuta nafuu.

Lakini yafaa tujichunguze. Mwisho wa mwezi twapeleka fedha taslimu duka kubwa. Ifikapo tarehe 20, mifuko ikiwa mitupu, twamwendea jirani mwenye duka na kumwambia, “Niandikie.” Naye huandika, kwa kuwa atujua. Basi mkubwa hupata fedha zetu, mdogo hupata madeni yetu.

Nakumatt ilikuwa na maduka zaidi ya 60. Januari 2020 wadai wake walipiga kura ifungwe, na wengi walioiuzia bidhaa kwa mkopo hawakulipwa. Tuliwahurumia. Je, jirani yetu tumemtendea tofauti?

Na tununue tupendapo, ila kwanza tufute majina yetu katika daftari lake. Dawa ya deni ni kulipa.