Utamu wa Kitabu na Haki ya Wasiotajwa

Je, yafaa mtu kufurahia kitabu kizuri kilichotungwa na mtu aliyewadhulumu wenzake? Swali hili si la wanazuoni peke yao. Humkabili kila msomaji mwenye moyo na macho pamoja, nalo lilinikabili mimi katika miezi hii michache iliyopita, nilipokuwa nikisoma vitabu vitano vya namna mbalimbali: kimoja ni maisha ya mtu yaliyoelezwa na mwenyewe, kimoja ni habari za utumwa, kimoja ni hadithi ya upelelezi, kimoja ni wasifu wa mwimbaji, na cha mwisho ni mchezo wa kuigiza. Sikuvichagua kwa mpango. Vilinijia kama wageni wajavyo, mmoja akibisha hodi kabla ya mwenziwe hajaondoka. Kumbe wote walikuwa wakijuana.

Cha kwanza kilikuwa Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Mtu huyu alizaliwa Unguja yapata mwaka 1837, akafa huko huko mwezi wa Juni, 1905. Aliongoza misafara mikubwa ya pembe za ndovu na watumwa kutoka pwani hata ndani ya Kongo, akakutana na Livingstone, akamsindikiza Stanley, na mwaka 1887 akakubali kuwa liwali wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji huko Stanley Falls, mahali ambapo leo ni mji wa Kisangani. Uzeeni, kwa kushawishiwa na Mjerumani Heinrich Brode, alieleza maisha yake kwa Kiswahili, na Brode akayatoa chapani pamoja na tafsiri ya Kijerumani katika miaka ya 1902 na 1903. Kwa hiyo kazi hii ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo kupata chapa katika lugha yetu, na heshima hiyo haiwezi kuondolewa.

Sasa nitasema neno ambalo huenda likamchukiza msomaji: kitabu hiki ni kitamu. Sentensi zake ni fupi, hazina mapambo. Msimulizi halii, wala hajuti. Anaanza na mtoto wa miaka kumi na miwili aliyekuwa akienda safari ndogo ndogo za kununua sandarusi, na kabla msomaji hajatanabahi, mtoto yule amekuwa bwana wa bunduki na wa nchi. Pembe hupimwa kwa frasila, na frasila moja ni kama ratili 35. Mali na madeni hukumbukwa na mzee huyu kama mwingine akumbukavyo majina ya wajukuu wake. Hata hila husimuliwa kwa utulivu. Alipofika Utetela alimweleza mtemi mzee, Kasongo Rushie, kwamba bibi yake yeye Hamed alikuwa dada wa mtemi, aliyetekwa vitani zamani na kupelekwa mbali. Mzee akafurahi kumpata mjukuu aliyepotea, akamwachia utawala. Hebu tazama jambo hili! Habari ya mwanamke aliyetekwa, ambayo ilikuwa msiba wa nyumba nzima, imefanywa ufunguo wa kuifungulia nchi ile ile iliyompoteza. Nilicheka niliposoma, kwa maana imesimuliwa kwa ustadi. Kisha kicheko kikanikatika.

Kilikatika kwa sababu nilianza kuuliza habari za mabega. Pembe moja kubwa ni mzigo wa mtu mmoja, na pengine wa watu wawili. Kila frasila iliyotajwa katika kitabu kile ilipita juu ya bega la mwanadamu, mwendo wa miezi, mvua na jua. Wakubwa wanatajwa kwa majina: watemi, matajiri, masultani, wasafiri wa Kizungu. Mabega hayana majina. Ukitaka kujua wapagazi na mateka walikula nini, waliimba nini usiku, nani alianguka njiani na nani alimzika, kitabu kimenyamaza. Wala ukimya huu si wa mtu anayeficha jambo, maana mwenye kuficha huacha alama ya kuficha kwake. Ni ukimya wa mtu ambaye hakuona kwamba palikuwa na la kusema.

Wako watu ambao, wakisikia hayo, husema kitabu kama hiki kitupwe, kisiingie katika shule zetu. Sikubaliani nao. Tukikitupa hatumfungui hata mateka mmoja. Tunapoteza tu hati ambayo mtendaji mwenyewe ameiweka mezani, kwa lugha yake na kwa hiari yake. Ni nadra kupata ushahidi wa namna hiyo. Na wako wengine wasemao kwamba uzuri wa lugha hauna dhambi, na kwamba msomaji mwema husoma maneno tu, asiulize habari za mikono iliyoyatunga. Hawa nao naona wamefanya haraka. Mgeni anayesifu chakula bila kuuliza kilikotoka hajasema uongo, walakini mwenye shamba lililoibwa akipita mlangoni na kuisikia sifa ile, atajua kwamba ndani ya nyumba hiyo hana mtetezi.

Nilipokuwa katika fikira hizo nikakishika Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapishwa London mwaka 1934. Mwandishi alikuwa mtu wa jamii ya walioachwa huru wa Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisheni wa Kianglikana karibu na Mombasa mwaka 1875, miaka miwili baada ya Sultani Barghash kutia sahihi mkataba wa kukataza biashara ya watumwa baharini. Kengele ya kijiji hicho ingalipo, na mahali pake huitwa Kengeleni hata leo. Wanafunzi wengi wa Mombasa hupita hapo kwa gari kila siku bila kuuliza ilikuwa ikimlilia nani.

Katika kitabu cha Mbotela msafara unaonekana kutoka upande wa pili. Hapa frasila hazina maana. Kilicho na maana ni mtoto aliyetengwa na mama yake, na giza la chini ya jahazi. Lugha yake si tamu kama ya Tippu Tip, na mara kwa mara mwandishi huacha kusimulia akaanza kuhubiri. Lakini baada ya kurasa kumi nilihisi kwamba watu wale waliokosa majina katika kitabu cha kwanza wameanza kugeuza nyuso zao na kunitazama.

Ningependa kuishia hapo, nimwite Mbotela shahidi mkweli na mwenziwe shahidi wa uongo. Haki hainiruhusu. Lawama ya Mbotela juu ya Waarabu ni ya jumla mno, na shukrani yake kwa Waingereza haina doa hata moja. Kitabu kilipotoka, Mwafrika wa Kenya alikuwa amekwisha kuvikwa kipande shingoni kwa zaidi ya miaka kumi, naye hakuweza kwenda kutafuta kazi bila ya kuonyesha hati hiyo. Je, tumlaumu mwandishi? Mtu aliyeokolewa asizame hamwulizi mwokozi wake nia yake, wala hachunguzi anawatendea nini watu wengine. Namwelewa kabisa. Lakini kumwelewa shahidi ni jambo moja, na kuukubali ushahidi wake wote ni jambo la pili, na kijana anayesoma hana budi kujizoeza kuyatenga mambo haya mawili, hasa pale ambapo shahidi ni mtu anayempenda.

Baada ya vitabu viwili vizito nilitaka kupumzika, nikachukua Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya upelelezi ya Muhammed Said Abdulla wa Unguja, iliyopata tuzo ya kwanza katika mashindano ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Baadhi ya walimu huzidharau hadithi za upelelezi wakisema ni za kupotezea wakati. Mimi nadhani hakuna darasa jema kuliko hilo kwa msomaji mchanga. Bwana Msa, mtulivu na kiko chake, hamkubali shahidi kwa kuwa ana sauti nzuri, wala hamkatai kwa kuwa ana sura mbaya. Humwacha aseme, kisha akatafakari ni kitu gani kilichostahili kusemwa na hakikusemwa. Laiti tungesoma vitabu vya historia kwa tabia hiyo! Hapo ndipo nilipotambua kwamba sikuwa nimepumzika hata kidogo. Nilikuwa nimerudishwa kwa Tippu Tip kwa njia ya uchochoroni.

Cha nne kilikuwa Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, uliotoka mwaka 1958. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, wakati ambapo Tippu Tip alikuwa katika nguvu zake. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, watu wa bara ambao ukoo wao ulifika kisiwani kwa njia ya utumwa. Alitembeza vyungu akiviuza kwa sauti yake, na sauti hiyo hiyo ikamtoa shamba hata mjini, kisha ikavuka bahari: mwaka 1928 alikwenda Bombay kuimba katika sahani za santuri. Alicheka naye aliyemcheka kwa uzawa wake, akaendelea kuimba. Katika nyimbo zake uko ule wa Kijiti, unaolalamikia kuuawa kwa mwanamke mgeni na hukumu iliyowaangukia wasiostahili wakati muuaji alipokuwa amekwisha kutoroka.

Nastaajabu kila nikifikiri jambo hili. Katika kisiwa kimoja, bwana wa misafara aliketi barazani akieleza maisha yake mbele ya Mzungu mwenye kalamu, na wakati huo huo binti wa watu wasiotajwa alikuwa akipita na vyungu vyake. Hapana aliyedhani kwamba yeye pia angekuwa na kitabu. Wala asingalikuwa nacho kama Shaaban Robert hangaliona kwamba maisha ya muuza vyungu yanastahili wino. Kwa kweli wasifu huu una sifa nyingi kuliko uchunguzi. Mtungaji alimpenda sana mtu wake, na pengine ningetaka aseme zaidi juu ya siku zake za dhiki. Lakini mtu anayeandika habari za aliyedharauliwa huanza kazi akiwa na deni ambalo mwandishi wa wafalme halijui.

Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, ndiyo iliyonisumbua kuliko zote. Tippu Tip alikufa Juni 1905. Mwezi uliofuata vita vya Maji Maji vikaanza kusini mwa Tanganyika, na mwezi wa Agosti Wajerumani wakamnyonga Kinjeketile wa Ngarambe. Mtunzi anatuonya mapema kwamba Kinjeketile wa jukwaani si yule wa historia, bali ni kiumbe cha fikira zake. Tazama tofauti! Mmoja ametuambia, nilikuwapo, nimeona kwa macho yangu, kisha akaacha nusu ya watu nje ya hesabu. Mwingine ametuambia, nimebuni, kisha akatuonyesha wakulima wanaopigwa na kulimishwa pamba, na kiongozi anayetambua kwamba maji aliyowapa watu wake hayazuii risasi. Mwishoni anatakiwa akane neno la maji, naye anakataa. Si kwa kuwa anaamini, bali kwa kuwa adui atalichukua neno lile na kuwafunza wajukuu kwamba kupigania nchi yao kulikuwa kosa.

Je, alitenda haki? Watu walikuwa wamekufa kwa kuyaamini maji. Nimejadiliana na marafiki usiku kucha juu ya jambo hili bila ya kuafikiana. Mimi naona kwamba mtu aliyenyimwa kitabu, mahakama na kalamu hana pengine pa kuihifadhi kweli yake ila katika kukataa kwake kusema. Rafiki yangu mmoja huona kwamba waliokufa walistahili kuambiwa kweli hata kama ingemfaa adui, na sijapata neno la kumnyamazisha.

Hata hivyo kuhusu swali la kwanza nimefikia mahali. Nadhani msomaji ana ruhusa ya kufurahia masimulizi ya Tippu Tip, maadamu anakubali gharama yake, nayo ni kwamba hawezi kukisoma peke yake. Furaha hiyo inamdai atafute upande wa pili, hata kama upande wa pili umeandikwa kwa lugha isiyopendeza, hata kama una makosa yake, hata kama haumo katika orodha ya mitihani.

Mwanafunzi mmoja wa sekondari aliponiuliza aanze na kipi katika vitano hivi, nilimpa Tippu Tip na Mbotela pamoja, nikamwambia asinirudishie kimoja bila cha pili. Baada ya majuma mawili alivirudisha vyote, akaniuliza kama kiko kitabu kilichotungwa na mmoja wa wale waliochukuliwa, mwenyewe, kwa kinywa chake. Nikamtajia Rashid bin Hassani, Mbisa aliyechukuliwa utotoni akaletwa Unguja, ambaye alisimulia maisha yake alipokuwa mzee. Habari zake zilichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1936, ndani ya kitabu kiitwacho Ten Africans kilichohaririwa na Margery Perham. Ni sura moja tu. Kijana akaandika jina lile katika daftari lake, akauliza jinsi linavyoendelezwa, akaliandika tena.