Ukishasema “Zima Taa”

Katika nyumba nyingi za mijini Tanzania, somo la umeme kwa mtoto ni amri moja tu: zima taa. LUKU ikikaribia kuisha amri inageuka karipio, na mara nyingi anayekaripiwa ni yule aliyewasha taa asome.

Tupige hesabu. Uniti moja ni wati 1,000 zinazotumika kwa saa nzima. Taa ya LED ya wati 9, ikiwaka saa 3 kila usiku mwezi mzima, haimalizi hata uniti moja. Jagi la kuchemshia maji la wati 2,000 linaimaliza kwa nusu saa. Hita ya bafuni ya wati 4,000, robo saa tu. Kwa hiyo mzazi anayemzimia mwanawe taa ya kusomea, huku yeye amejaza jagi pomoni kwa kikombe kimoja cha chai, hajabana matumizi. Amembana mtoto.

Mwanafunzi wa darasa la tano anazimudu hesabu hizi. Apelekwe kwenye mita asome uniti zilizobaki, kesho yake asome tena, atoe. Asome na wati zilizoandikwa kwenye pasi. Jumapili akusanye sare za nyumba nzima azinyooshe kwa mkupuo, kwa kuwa pasi inayowashwa kila alfajiri kwa shati moja inakula umeme ili ipate moto tu. Aanze na nguo nzito. Kitambaa chepesi cha mwisho anaweza kukimalizia pasi ikiwa imeshachomolewa. Na wavulana wafundishwe, maana kazi hizi tumezoea kumtupia binti au dada wa kazi. Jikoni somo ni fupi: maharage yalowekwe usiku, sufuria ifunikwe.

Ila hofu ya pesa tusimbebeshe. Kumwambia mtoto kuwa yeye ndiye “anayekula umeme” ni kumwonea. Hata kodi ya jengo, inayokatwa kupitia LUKU tangu 2021, hakuileta yeye. Kuingiza tokeni ya tarakimu 20 anaweza, tena atafurahi kukabidhiwa. Pesa ya kuinunua ikikosekana, wakubwa wazungumze wenyewe. Na siku akiuliza mbona televisheni ya sebuleni inawaka na hakuna anayeitazama, ajibiwe.