Aliyesota Anaweza Kuwa Mkarimu?

Mtihani wa Kidato cha Nne huisha Novemba. Kalamu zikishawekwa chini, kijana wa miaka 17 anajikuta na kitu ambacho shule haijawahi kumpa: muda. Miezi mizima kabla ya chuo. Anachokosa ni doo ya kuendana na huo muda. Kwenye kikundi cha WhatsApp mtu anauliza, "Wasee, fom ni gani wikendi?" na kila jibu lina bei: nauli ya kwenda tao na kurudi, chipo za kugawana, soda. Hata kusoma hilo swali kumekula bando.

"Si utafute kibarua?" watu wazima husema. Sawa, lakini kitambulisho hutolewa ukifika miaka 18, na pale kwenye mjengo unaweza kuulizwa kitambulisho kabla ya kuulizwa jina. Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu mtoto wa miaka 13 hadi 16 kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumharibia masomo. Ila sheria kuruhusu kazi si sawa na kazi kuwepo. Kwenye lango hilo hilo la mjengo kuna baba wa watoto watatu amesimama tangu alfajiri. Akikutazama vibaya, utamlaumu?

Basi wengi wanasota. Na swali langu ni hili: kusota kunamnyang'anya kijana nini hasa?

Jibu la haraka ni vitu. Jibu la pili ni heshima. Adam Smith aliliona hilo mwaka 1776 alipoandika kwamba katika Ulaya ya wakati wake hata kibarua angeona haya kutokea mbele ya watu bila shati la kitani, ingawa Wagiriki na Warumi wa kale waliishi vizuri tu bila kitani. Leo shati lenyewe ni bando na raba safi. Bila hivyo hufi, lakini unaona aibu kutoka nje.

Mimi nadhani kuna kinachouma kuliko hayo: kulipiwa. "Kuja tu, nitakulipia." Mara ya kwanza ni raha. Mara ya tatu unaanza kucheka utani wa mwenye pesa hata kama hauchekeshi. Ukiulizwa mle wapi, unasema "popote tu", kwa sababu anayelipiwa hachagui. Mara ya tano unajibu kwamba umeshikika, na kumbe umelala kitandani unatazama dari. Hujakosa chipo pekee. Umekosa nafasi ya kusema, "Leo ni mimi."

Wahenga walilijadili jambo hili na hawakukubaliana. Kuna waliosema mkono mtupu haulambwi. Kuna waliosema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Aristotle angesimama na hawa wa pili: kwake ukarimu hupimwa kwa alichonacho mtoaji, si kwa ukubwa wa zawadi. Maneno matamu. Lakini makanga hapokei moyo. Na mara nyingi anayekuambia kutoa ni moyo ni mtu mwenye pesa mfukoni.

Hata hivyo, methali hiyo naiamini, kwa sharti moja: moyo unaotoa unahitaji mtu wa kupokea. Fikiria kikoa, ule utaratibu wa kula kwa zamu, leo kwangu kesho kwako. Kinachokiweka hai kikoa ni kila mtu kuwa na siku yake. Sahani zinaweza kutofautiana. Rafiki anayelipa kila mara, kisha akialikwa kwenu kwa chai na viazi anasema "usijisumbue", anadhani anakuhurumia. Kwa kweli amekula zamu yako. Ukarimu wake umekufanya mgeni wa kudumu, na mgeni wa kudumu si rafiki.

Nyumbani mambo ni yale yale. Huyu anayeitwa "amekaa tu" ndiye anayechota maji, anayempeleka mdogo wake shule, anayekaa kwenye kibanda mama akienda sokoni Gikomba. Wasichana ndio hasa: mama akirudi jioni anapata ugali mezani na nguo zimeanuliwa. Wote wanajua kazi hiyo inafanywa bure. Tatizo liko kwenye neno hilo. Kwa Kiswahili, bure ni bila malipo, na bure ni bila maana. Tukishazoea maana ya kwanza, tunateleza hadi ya pili bila kujua, na kijana anaanza kuamini kwamba kisicholipwa hakijatolewa.

Sisemi kazi ya nyumbani itoshe mahali pa ajira. Vijana wanahitaji pesa, na anayewaambia umaskini una utamu wake anawadanganya. Ninachosema ni kwamba aliyesota bado ana cha kutoa, na sisi wenye kidogo mfukoni tunaweza kumwachia nafasi ya kukitoa au kumziba. Rafiki yako akisema leo tutembee kwa miguu, tembea naye. Akikukaribisha kwao, nenda, ule ushibe. Usiangalie saa, na usimwachie soo chini ya kikombe.