Siri ya Mkono, Uwazi wa Hesabu

Neno kura limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili si kuchagua. Ni kutupa vijiti, au kitu mfano wa vijiti, ili jambo liamuliwe na bahati, au na Mola aliye nyuma ya bahati. Nabii Yunus alitolewa chomboni kwa kura ya namna hiyo. Aliyeangukiwa na kura hakuwa na wa kumlaumu, na aliyeirusha hakuwa na la kujibu, kwa kuwa mkono ulitupa tu, haukuamua.

Kura ya uchaguzi imerithi jina hilo, lakini haikurithi maana yake. Hapa mkono ndio unaoamua. Mtu huingia peke yake katika kituturi, huweka alama ya vema mbele ya jina moja na kuyaacha mengine, na alama hiyo ni tendo lake kama yalivyo matendo yake mengine. Hata hivyo, asubuhi ya baada ya uchaguzi watu wengi husema, "Ndivyo ilivyotoka," kana kwamba vijiti vimerushwa tena. Hapo ndipo swali linapozuka. Ikiwa kura ni tendo la mtu, je, wajibu wake juu ya tendo hilo hukoma pale karatasi inapotumbukia sandukuni? Na kama haukomi, atakilindaje kitu ambacho sheria imemtaka akifiche?

Swali hili lafaa kutazamwa kutoka Kigoma, mwisho wa reli ya kati. Atazamaye Ziwa Tanganyika kutoka vilima vya mji huo katika usiku wa giza, siku ambazo mwezi haujachomoza, huona taa nyingi juu ya maji mfano wa mji wa pili. Hao ni wavuvi wa dagaa. Mwezi ukiwa mpevu hupumzika, maana mwanga wake huishinda nguvu taa yao. Kazi yao yahitaji giza na umbali, na hakuna mnunuzi anayewafuata majini kuwauliza wavu wameutupa wapi. Lakini kukicha, vyombo hupanda mwaloni Kibirizi, na hapo giza halina nafasi tena. Dagaa hupimwa juani, mbele ya mwenye chombo, mbele ya waliovua, mbele ya akina mama waliokuja kununua. Mtu akitaka kupimia gizani, hata mtoto atajua kuna jambo.

Uchaguzi wa haki una tabia hiyo hiyo. Una sehemu ambayo lazima iwe siri, nayo ni mkono wa mpiga kura. Na una sehemu ambayo lazima iwe wazi, nayo ni hesabu. Tukiutazama wizi wa kura kwa makini, tutaona kwamba mara nyingi ni kubadilisha mahali pa mambo haya mawili. Siri ya mtu hufanywa wazi, ili ajulikane kamchagua nani. Na hesabu iliyopaswa kuwa wazi hufanywa siri, ili isijulikane nani kachaguliwa. Mwenye kuelewa hayo amekwisha kuelewa nusu ya kazi ya kuilinda kura.

Ichukuliwe siri kwanza. Wapo wanaosema kwamba muungwana hana haja ya kujificha, na kwamba mtu shujaa humtaja amtakaye hadharani. Ni maneno matamu kwa mtu asiyemtegemea mtu. Mvuvi asiye na chombo humtegemea mwenye chombo, aliyenunua wavu, taa na mafuta, na pengine aliyemkopesha fedha ya kumpeleka mtoto hospitali. Mama anayeanika dagaa humtegemea tajiri wa kupeleka mzigo mjini. Mke ana mume, kijana ana baba, mwalimu ana mkubwa wake wa kazi. Watu hawa wote wana madeni ya haki na ya heshima, na si vyema kuwaambia wayakane. Kituturi hakiwaambii wayakane. Kinawapa dakika chache tu ambazo ndani yake hakuna mdai wala mdaiwa. Kwa hiyo siri ya kura haikuwekwa ili kumficha mwoga. Imewekwa ili aliye chini na aliye juu wawe sawa, walau mara moja kila miaka mitano.

Ndiyo maana hatari kubwa ya siri hiyo haiji daima na rungu. Huja na khanga, sukari na fulana. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa, na kile kilichotolewa kwa nia njema kama ukarimu wa jadi kikaachwa kisihesabiwe kuwa rushwa. Kikaitwa takrima. Mwenye kupenda lugha hana budi kusikitika kwa ajili ya neno hili, ambalo shina lake ni moja na la karama na ukarimu. Ukarimu ni kumpa mgeni pasi na kutazamia malipo. Na hapa mgeni ndiye aliyekuwa akiwapa wenyeji, naye alitazamia malipo siku maalumu. Mwaka 2006, katika shauri lililofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenzake, Mahakama Kuu ilivitangua vifungu hivyo kwa kuwa vilipingana na Katiba.

Lakini hukumu ya mahakama haimalizi swali la moyoni. Mama aliyepokea khanga hujiuliza kwa dhati: nimekula cha mtu, je, nitamgeuka? Swali hilo latoka katika malezi mema, na kulijibu kwa kebehi ni kuyatukana malezi hayo. Jawabu ni kwamba deni hulipwa kwa mali ya mdaiwa mwenyewe. Kura si mali ya mama huyo peke yake, maana atakayechaguliwa atawatawala na jirani zake ambao hawakupewa khanga. Kura ni amana aliyowekewa na hao jirani, na wao wamewekewa ya kwake. Hakuna sheria ya ukarimu, ya dini wala ya mila, inayomruhusu mtu kulipa deni lake kwa amana ya mwenziwe.

Kabla ya mkono kuna sikio, na hapo Kigoma ina kisa chake kinachostahili kukumbukwa. Vyama vingi vilirudishwa nchini mwaka 1992. Mwaka 1994 jimbo la Kigoma Mjini lilifanya uchaguzi mdogo wa mbunge, na mgombea wa CCM akatangazwa mshindi. Mgombea wa CHADEMA, Dk. Aman Walid Kabourou, alikwenda mahakamani. Miongoni mwa malalamiko yake ni kwamba Radio Tanzania, chombo cha umma, iliupendelea upande mmoja katika matangazo yake. Mahakama Kuu iliutangua uchaguzi huo; rufaa ikakatwa, na Mahakama ya Rufani ikashikilia kwamba uchaguzi haukuwa halali. Hukumu hiyo imo katika ripoti za sheria za Tanzania za mwaka 1996, na wanasheria wameitaja tangu hapo.

Uzito wa kisa hiki hauko katika chama gani kilishinda kesi. Uko katika fikra iliyokubaliwa: kwamba kura yaweza kuharibiwa pasipo mtu kuligusa sanduku. Redio ya taifa ililipiwa na wote, na aliyeitumia kwa ajili ya upande mmoja alimnunua msikilizaji kwa fedha ya msikilizaji mwenyewe. Mtu aliyesikizishwa upande mmoja huingia katika kituturi akiwa peke yake kwa mwili, lakini kwa akili keshasindikizwa. Leo redio ni nyingi na simu zimejaa mikononi, ila swali la mwaka 1994 halikuzeeka: nani alilipia sauti hii inayoniambia, na nani amenyamazishwa ili niisikie?

Kisa kina mkia wenye mafunzo yake. Katika uchaguzi mkuu wa 1995, watu wa Kigoma Mjini walimchagua Kabourou kuwa mbunge wao, na baadaye, baada ya kumaliza ubunge, alihamia CCM. Wapo waliosema kwamba basi juhudi yote ile ilikuwa bure. Hawakutazama vyema. Kilicholindwa mahakamani hakikuwa mtu. Mbunge ana hiari ya kuhama chama. Mpiga kura wa Ujiji hakuhamisha haki yake ya kusikia pande zote, na haki hiyo ilibaki imeandikwa kwa jina la mji wake.

Sasa ije hesabu. Kuhesabiwa ni neno lenye historia chungu katika mji wa Ujiji. Katika karne ya 19 watu walifikishwa hapo kutoka ng'ambo ya ziwa na kuhesabiwa kama zinavyohesabiwa pembe, kisha wakasukumwa katika njia ndefu ya kwenda pwani, na wengine hadi visiwani. Mwingereza alipotawala, akaja na hesabu nyingine. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 haki ya kura ilitegemea elimu, kipato au cheo, na mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, hata kama alimtaka mmoja tu. Wajukuu wa watu waliohesabiwa kama bidhaa, na wana wa watu walioachwa nje ya hesabu, ndio leo wanaopanga mstari alfajiri. Kwao kuhesabiwa kwa haki si jambo la karani.

Hesabu huanzia katika daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na Tanzania Bara ilianza kuandikisha wapiga kura katika daftari la kudumu mwaka 2004. Kwa mkoa wa mpakani kama Kigoma, wenye jirani Burundi na Kongo, jina daftarini ni kinga dhidi ya lile swali la "wewe ni wa wapi?" Ajuaye hayo hulitazama daftari linapobandikwa wazi, miezi kabla, akalisoma jina lake herufi kwa herufi. Anayesubiri siku yenyewe ili agundue kwamba limekosewa amechelewa kuilinda kura yake.

Siku yenyewe ina mipaka yake pia. Kura huhesabiwa pale pale kituoni mbele ya mawakala wa vyama, na matokeo hubandikwa mahali pa wazi. Je, mwananchi wa kawaida akishapiga kura akae hapo alinde? Swali hili lilifika Mahakama Kuu mwezi Oktoba 2015, siku chache kabla ya uchaguzi, likihusu umbali wa mita 200 kutoka kituoni, na mahakama ikakataa watu wakusanyike karibu na vituo. Hoja ina pande mbili za kweli. Kundi la walinzi mlangoni laweza kuwa kundi la vitisho, na mzee anayelipita kwenda kupiga kura hajui wanamlinda au wanamlindia mtu mwingine. Lakini nayo amri ya kwenda nyumbani ni nzito kwa mtu aliyewahi kudhulumiwa. Anayemwambia mwenye mali aondoke dukani lazima amwachie shahidi anayemwamini na daftari lisilofungwa. Wakala akifukuzwa, au karatasi ya matokeo isipobandikwa, mita 200 zageuka kuwa pazia.

Msomaji wa visiwani hahitaji kuhadithiwa uzito wa kura moja. Mwezi Januari 1961 jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja, na Baraza zima likabaki katika mizani kwa sababu yake. Wala hajasahau tarehe 28 Oktoba 2015, uchaguzi wa Zanzibar ulipofutwa kwa tangazo la mwenyekiti wa Tume, na watu wakaitwa tena Machi 20, 2016, upinzani mkuu ukisusia. Uchaguzi wa Kigoma ulifutwa, na wa Zanzibar ulifutwa. Ila ule wa kwanza ulifutwa baada ya pande zote kusikilizwa, ushahidi kupimwa na sababu kuandikwa. Ule wa pili ulifutwa kwa kauli. Tofauti iliyopo ni ile ya kupima mchana na kupima usiku.

Pana mlango mmoja uliobaki kufungwa. Kura ya mbunge yaweza kupelekwa mahakamani, kama Kigoma ilivyoonyesha. Kura ya rais wa Jamhuri ya Muungano, Tume ikishatangaza, Katiba katika ibara ya 41(7) yazuia mahakama yoyote kuichunguza. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua tarehe 15 Julai 2020 kwamba kizuizi hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika. Na uchaguzi wa 2025 ulifanyika kikiwa kingalipo. Tarehe 29 Oktoba 2025 siku ya kura iligeuka siku ya maandamano na damu katika miji kadhaa ya Bara, intaneti ikazimwa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka usiku. Damu haiwi hoja ya mtu yeyote, na kuitumia hivyo ni kuikosea. Lakini ni haki kuuliza: mtu aliyefungiwa mlango wa kupeleka hesabu mbele ya mwamuzi, ameachiwa mlango gani?

Basi, wajibu wa mpiga kura hauishii sandukuni, wala hauhitaji rungu. Asimwoneshe mtu mkono wake, na asiulize mkono wa mtu. Khanga isimwamulie. Alisome jina lake mapema. Asubuhi inayofuata, kabla ya kuteremka mwaloni, apite kituoni asome karatasi iliyobandikwa ukutani, azikariri namba zake, kisha asikilize iwapo ndizo zitakazotangazwa mjini. Akikuta ukuta mtupu, na aseme kwa sauti kwamba ni mtupu. Siri yake aliimaliza jana, na asubuhi hii hana tena cha kuficha.