Deni la Mwenye Kusomeshwa

Mwishoni mwa masika yaliyopita alinijia nyumbani, hapa Songea, kijana mmoja niliyemfundisha Kiswahili zamani katika shule ya sekondari, ambaye sasa ni daktari. Alinipa shikamoo kama ilivyo desturi, akaketi, akatoa mkobani karatasi mbili. Ya kwanza ilimwahidi mafunzo ya utafiti wa maradhi kwa miaka kadha, pamoja na posho, nauli na fedha za vifaa, vyote kutoka hazina ya serikali ya ng'ambo. Ya pili ilitoka kwa mwajiri wake, nayo ilimtaka aahidi kwamba akimaliza atarudi katika utumishi aliouacha, au alipe. Alikuwa bado hajatia sahihi. Akaniuliza, "Mwalimu, nikiweka jina langu hapa, nitakuwa nimepewa au nimekopeshwa?"

Nilimjibu upesi, kama walimu tulivyozoea, na jibu langu halikuwa jema. Insha hii ni jaribio la pili.

Mwalimu wa lugha hukimbilia maneno, nami sina budi kuanza huko. Kiswahili kina majina mengi ya mali ipitayo kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Hiba ni mali itolewayo bila kudai kitu. Karadha hurudishwa kama ilivyochukuliwa. Ujira ni malipo ya kazi iliyokwisha kufanywa. Fedha ya kumsomesha mtafiti tumeiita ruzuku, neno lenye asili moja na riziki, na kwa jina hilo tumelikwepa swali lote, maana riziki mtu huipokea kwa shukrani wala haulizwi habari zake baadaye. Lakini fedha hii ina masharti ya kurasa nzima nzima. Si hiba, basi. Wala si karadha, kwa sababu kilichotolewa ni shilingi na kinachotakiwa kurudi si shilingi. Nadhani neno lililo karibu zaidi ni amana; lakini hata hilo lina kasoro, kwamba amana huwekwa isiguswe, na elimu isipoguswa hufa.

Serikali zimejaribu kulijibu swali la kijana huyu kwa sheria. Mwaka 1974 Marekani ilipitisha sheria iliyoanzisha ruzuku ya mafunzo kwa watafiti vijana, chini ya Taasisi za Taifa za Afya, na pamoja na ruzuku ikaweka deni: mwezi mmoja wa kusomeshwa ulipwe kwa mwezi mmoja wa kazi. Mwaka 1993 deni hilo liliondolewa kwa wale ambao bado wanaitafuta shahada ya udaktari, likabaki kwa waliokwisha kuipata, tena kwa miezi 12 ya kwanza tu. Na hapa pana jambo ambalo sijapata kuliona katika mkataba wowote wa kwetu. Mfadhiliwa akiendelea na mafunzo mwaka wa pili, mwezi wa 13 huulipia mwezi wa kwanza, wa 14 huulipia wa pili, hata mwisho wa miaka miwili hadaiwi kitu. Kujifunza kwenyewe kwahesabiwa kuwa malipo! Asiyeendelea aweza kulipa kwa kufanya utafiti au kufundisha, kwa wastani wa saa 20 au zaidi kwa juma, chuoni, serikalini au hata katika kampuni ya biashara, ndani ya nchi au nje yake. Anayeyakataa yote hayo hulipa fedha pamoja na riba.

Sheria hiyo haimwulizi mtu yuko wapi; yamwuliza anafanya nini. Ni sheria ya nchi tajiri, isiyo na hofu kubwa ya kukimbiwa na wasomi wake. (Ruzuku yenyewe ni ya raia wao na wakaaji wa kudumu. Sisi wa nje hupitia milango mingine, kama ule wa Kituo cha Fogarty, kilichoanzishwa mwaka 1968 ndani ya taasisi hizo hizo.)

Sisi tulijibu kwa namna nyingine, na kwa uchungu zaidi. Katika miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Asiporudi, huyo ni msaliti. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana hadi Ikulu kuyapinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewaachia asilimia 40 tu ya mshahara wao kwa miezi 18. Karibu wanafunzi 400 walifukuzwa, na Rais akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa wale waliofukuzwa walirudishwa baadaye. Mfano wa kijiji chenye njaa ulibaki, na hata leo ndio uliomo, bila kutajwa, katika kila mkataba wa kurudi utumishini.

Mfano ule siukatai. Nimelelewa nao, na wazazi wangu waliuza mahindi ili nisome. Lakini una upungufu mmoja: wamzungumzia mchukuzi tu. Haumwambii mzee wa kijiji afanye nini mchukuzi arudipo na mzigo kichwani. Je, ghala limefagiliwa? Yupo wa kumtua? Nimewajua watu waliorudi. Mmoja wao alisomea vijidudu vya damu kwa miaka mitano. Alipofika kazini alipewa meza, kiti, na funguo za stoo ya vifaa vya ofisi. Akatumikia miaka yake yote ya mkataba akihesabu karatasi na wino, na siku ya mwisho akaandikiwa barua ya kumjulisha kwamba deni lake limekwisha. Nimejiuliza mara nyingi ni nani aliyelipwa siku ile.

Wala kosa hili si la kwetu peke yetu. Mwenye kutoa ruzuku za mafunzo kule Marekani huiachia taasisi ipokeayo asilimia 8 tu juu ya gharama kwa ajili ya uendeshaji, yaani umeme, maji, paa, mlinzi na mhasibu. Mwanafunzi hushibishwa, nyumba atakayorudi kufanyia kazi hupewa makombo.

Hata hivyo katika kanuni zao ipo moja inayoubana upande wa pili. Zipo ruzuku zisizo za masomo hasa, bali za kumkuza mtafiti katika kazi yake baada ya kuhitimu. Nyingi katika hizo, ingawa madaktari wa upasuaji hulegezewa, zadai kwamba mtafiti atumie si chini ya asilimia 75 ya muda wake wa kazi katika utafiti na kujifunza. Na taasisi yake yatakiwa kuahidi kwa maandishi kwamba itamwacha huru muda huo. Hapo mwajiri naye amefungwa. Hapo kuna mkataba wa watu wawili.

Nilipomweleza kijana wangu kanuni hiyo alicheka, lakini si kwa furaha. "Mwalimu," alisema, "njoo Jumatatu asubuhi uketi nasi nje ya chumba cha daktari, kisha uniambie ni robo tatu ipi nitakayoifungia mlango."

Neno hilo lilinikosesha usingizi. Hapa ndipo swali linapoacha kuwa la fedha. Je, ni haki daktari kulipwa ili asitibu, katika mahali ambapo madaktari hawatoshi? Mgonjwa aliye benchini ana jina, ana homa, ametembea tangu alfajiri. Mgonjwa atakayefaidika na utafiti huenda hajazaliwa.

Wenyeji wa mkoa huu, ambao ni mkoa wa mahindi, wanaijua hali hii. Kuna miezi, kati ya kupanda na kuvuna, ambapo chakula hupungua nyumbani, na juu darini yananing'inia magunzi ya mbegu, meusi kwa moshi. Mama aliyeiweka mbegu yake mbali na watoto wenye njaa hakuna aliyemwita katili. Kwa muda nilidhani kwamba mfano huu watosha: muda wa utafiti ni mbegu, na mbegu hailiwi.

Lakini hautoshi. Mama yule huwanyima watoto wake mwenyewe, na kiangazi kijacho ni wao watakaokula. Daktari ajifungiaye kufanya utafiti huwanyima watoto wa wengine, ambao hawakuulizwa, na pengine hawataonja mavuno. Nikalifikiria pia jambo la Mahenge, jirani zetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha huko kliniki ya kifafa. Alitibu, na huku akitibu aliandika aliyoyaona, wakiwamo watoto waliokuwa wakitikisa vichwa kwa namna isiyoelezeka. Zaidi ya miaka 40 baadaye watafiti waliyarejea maandishi yake walipokuwa wakiuchunguza ugonjwa huo, ambao sasa wauhusisha na usubi wa mitoni. Kwa hiyo tiba na uchunguzi vyaweza kukaa katika mkono mmoja. Ila haifai kujenga sheria juu ya watu wa namna yake, kwani ni wachache mno.

Maoni yangu, baada ya kuyageuza haya mara nyingi, ni kwamba robo tatu ile ni haki pale tu ambapo anayeitoa ameweka daktari mwingine mlangoni. Asipoweka, muda wa mtafiti umeibwa kwa wagonjwa. Na mkataba wa kurudi, usiotaja kazi ya kurudia, ni dhuluma ya jinsi hiyo hiyo iliyovaa nguo za uzalendo.

Limebaki swali la nani anayedai. Fedha ni ya mlipa kodi wa Marekani. Kijana ni wa Tanzania. Damu na makohozi yatakayopimwa yatatoka kwa watu wa vijijini ambao hawakutia sahihi katika karatasi yoyote kati ya zile mbili. Mji huu una sababu ya kulikumbuka hilo. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa viongozi wa Maji Maji, akiwamo Songea Mbano, na jamaa zake waamini kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, wakati ambapo mafuvu ya watu wetu yalikusanywa kwa jina la elimu. Rais Steinmeier alipofika Songea tarehe 1 Novemba 2023 aliomba msamaha, akaahidi kusaidia kukitafuta. Leo utafiti wa afya juu ya watu hapa nchini hauanzi bila kibali cha maadili, nami nashukuru. Lakini kibali humlinda mtu asidhurike. Hakimfanyi kuwa mdai. Kwangu mimi yeye ndiye mdai wa kwanza, kabla ya hazina zote mbili.

Na hazina za watu zina milango yao. Tarehe 1 Mei 2025 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitangaza kwamba hazitatoa tena mafungu yapitiayo katika taasisi ya kwao kwenda taasisi ya nchi nyingine, mpaka utaratibu mpya uwekwe. Haki hiyo wanayo. Fedha ni yao. Sisi Waafrika tuliahidiana katika Mpango wa Lagos wa mwaka 1980 kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na Tanzania haijapata kuifikia, ijapokuwa tunayo Tume ya Sayansi na Teknolojia tangu sheria ya mwaka 1986.

Kijana alirudi juma lililofuata. Nilimwambia kwamba hakupewa wala hakukopeshwa, na kwamba asitie sahihi kabla ya kumwomba mwajiri aandike, nyuma ya ile karatasi ya pili, kazi gani, chumba gani na muda gani vitamngoja, na ni nani atakayeketi kitini pake wakati yeye hayupo. Aliandika ombi hilo pale pale mezani kwangu, sentensi nne. Nilimsahihishia kiambishi kimoja. Mpaka leo naandika haya hajajibiwa, na siku ya mwisho ya kupokea ile ruzuku imebakiza juma moja na siku mbili.