Hodi Kwenye Mahame

Ndugu msomaji, hivi ukikuta kitu chini ya ardhi, kitu ambacho hakuna aliye hai anayekitafuta, ukakichukua, umeokota au umeiba? Usinijibu haraka. Mimi nilijibu haraka, na baadaye nikaona aibu.

Ilikuwa hivi. Binamu yangu alipata detekta, ile mashine ya kutafutia dhahabu na vyuma, mtumba, ya mkono wa tatu sijui wa nne. Alikuwa pia na Hiace kuukuu iliyokwisha kuchoka na biashara ya abiria. Aling'oa viti vya nyuma, akatandika godoro, akaweka jiko la mchina, ndoo ya maji na mfuko wa unga. "Hii ndiyo nyumba yetu," akaniambia. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, kazi sina, nina madaftari matatu ya riwaya isiyokwisha. Nikapanda. Tukaanza kuzurura Mara: Bunda, Kinyambwiga, Buhemba, Butiama, tukirudi Musoma kununua mafuta na kula sato. Ulaya na Marekani wako wastaafu wanaoishi hivyo hivyo, ndani ya gari lenye kitanda na jiko, wakizunguka na mashine zao kutafuta sarafu na pete zilizopotea. Kwao ni starehe. Kwetu ilianza kama njaa, lakini nakiri, ikageuka kuwa starehe pia.

Maana ile sauti, jamani! Unatembea tangu asubuhi, jua la Mara linakukaanga utosi, unapeleka mashine kushoto na kulia kama mtu anayefyeka majani, kimya. Mara inalia. Moyo unaruka. Unapiga magoti, unachimba kwa mikono. Mara nyingi ni msumari, kizibo cha soda, au kipande cha bati. Lakini kabla hujakiona, kwa nusu dakika ile, wewe ni tajiri. Mtu akionja nusu dakika ile hawezi kuacha tena.

Siku moja jioni tulisimama Butiama, si mbali na Mwitongo, pale alipozaliwa na alipozikwa Mwalimu Nyerere. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akarudishwa kulala kwao, karibu na makaburi ya wazazi wake. Jirani yake kuna makumbusho yenye jina lake. Binamu akatazama yale mawe makubwa na miti, akacheka: "Unafikiri hapa mtu akipitisha mashine itakosa kulia? Huyu ni mtoto wa Mtemi Burito bwana!"

Nilimkemea. Nikamwambia hilo ni kufuru. Yeye mwenyewe alinyamaza, akaona amepitiliza. Tukapika ugali, tukalala. Kumbe siku mbili tu mbele yetu ulikuwa unatungoja mtihani ule ule, nasi tukaanguka bila hata kujua kwamba tumekaa katika chumba cha mtihani.

Mashine inajua nini?

Kwanza tuelewane jinsi mashine hii inavyofanya kazi. Kwenye ile sahani ya chini mna waya uliozungushwa duara. Umeme unaobadilika-badilika hupita humo na kutoa nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Ikikutana na chuma, shaba au dhahabu, inaamsha ndani yake umeme mdogo, nao unarudisha sumaku yake juu. Mashine inahisi, inalia. Basi, ni hayo tu.

Rais James Garfield wa Marekani alipopigwa risasi mwaka 1881, Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, alitengeneza chombo cha namna hii kuitafuta risasi mwilini mwake. Hakuipata. Wengi wanasema springi za kitanda zilimvuruga. Rais akafariki Septemba ya mwaka huo. Katika Vita Kuu ya Pili vyombo vya jamii hiyo vilisaidia askari kutafuta mabomu yaliyofukiwa mchangani, kama kule El Alamein mwaka 1942. Sasa angalia: risasi, springi ya kitanda, bomu, pete ya arusi, vyote mlio ni ule ule au unakaribiana. Mashine inajua kwamba kuna kitu. Haijui ni cha nani wala kilifikaje pale. Hilo ni swali la mwenye kushika mashine.

Na sisi wenye kushika mashine tuna ugonjwa wetu. Ugonjwa huo unaitwa mali ya Mjerumani. Nani katika nchi hii hajasikia kwamba Wajerumani walipokimbia vita walifukia masanduku ya dhahabu? Kila penye boma la zamani au mti mkubwa wenye alama, pana mtu anayechimba usiku, na pana tapeli anayemuuzia ramani. Uongo huu una chembe ya ukweli. Mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamezingirwa na hawapati fedha kutoka kwao, walipiga sarafu Tabora kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, rupia 15 kila moja, yenye picha ya tembo. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakaiteka Tabora. Sarafu hizo zipo mpaka leo mikononi mwa wakusanyaji duniani. Kutokana na sarafu zile, watu wamejenga masanduku elfu ya ndoto, na wako waliovunja hata makaburi kuyatafuta.

Jembe

Siku ile ya mtihani tulikuwa kwenye uwanda mmoja kati ya Butiama na Bunda. Jina la kijiji naliacha. Palikuwa na mahame: minyaa iliyokua bila mpangilio, mawe matatu ya jiko, duara la udongo mgumu palipokuwa nyumba. Kwa lugha zetu nyingi za Mara mahali kama hapo ndipo huitwa itongo, na jina la Mwitongo limetoka humo humo. Hapakuwa na uzio wala mtu. Mashine ikalia, mlio mzito. Tukachimba karibu kufika kwenye kiwiko. Hatukupata dhahabu. Tulipata jembe la chuma, la kizamani, limeliwa na kutu ukingoni, lakini zima.

Binamu alifurahi. Alisema wako wazungu na wenye mahoteli ya kitalii wanaonunua vitu kama hivi kupamba kuta. Tulikuwa tunalifunga kwenye gunia alipotokea bibi mmoja na fimbo yake, nyuma yake mtoto mdogo na mbuzi wawili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Mmepoteza nini hapo?"

Hilo swali lilinichoma. Hatukuwa tumepoteza kitu. Binamu akaeleza hili na lile, kwamba sisi tunafanya utafiti. Bibi akaomba aone. Akalishika lile jembe, akaligeuza, akakaa chini nalo mapajani kama mtu aliyepewa mtoto.

Akatuhadithia. Mji ule ulikuwa wa baba yake. Jembe lile lilikuwa katika mahari ya mama yake, maana zamani huku kwetu kanda ya ziwa jembe la chuma halikuwa kitu cha kununua dukani tu, liliweza kuozesha mke. Ikaja Operesheni Vijiji, ile ya kati ya mwaka 1973 na 1976, watu wakaambiwa wahamie vijijini, watake wasitake. Wao walipewa siku chache. Mama yake akalifukia jembe chini ya ghala, akasema hatuchukui kila kitu, tutarudi. Hawakurudi. Mama akafa akiwa kijiji kipya.

"Nilijua liko huku," bibi akasema. "Mahali penyewe ndipo nilipopasahau."

Binamu akasema, kwa sauti ndogo, kwamba tulidhani halina mwenyewe. Bibi akamtazama, wala hakukasirika:

"Mmenikuta hai. Mngechelewa mwaka mmoja, mngesema mmeokota."

Kuokota na kuiba

Tuligombana usiku ule ndani ya Hiace, mimi na binamu, na hoja zake sizidharau. Ya kwanza: tumempa jembe lake, bila mashine yetu angekufa hajaliona, basi tumetenda wema. Ya pili, nzito zaidi: "Nchi hii milima mizima inachimbwa kwa mitambo, dhahabu inaondoka kwa ndege. Leo wewe unaniletea maadili kwa jembe moja lenye kutu?"

Niitazame sheria kwanza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863, na huruhusiwi kuvichimbua bila kibali. Kwa kipimo hicho cha mwaka, jembe la bibi huenda limo, huenda halimo, na rupia ya Mjerumani ya 1890 haimo kabisa. Madini nayo, kwa sheria ya nchi, ni mali ya umma hata yakiwa chini ya kitanda chako. Uingereza wana sheria yao ya mwaka 1996: hazina ikipatikana inatangazwa serikalini, makumbusho ikiitaka inalipa, na kawaida malipo yanagawanywa kati ya aliyeiona na mwenye shamba. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2009 mtu mmoja mwenye detekta alipopata katika shamba huko Staffordshire dhahabu ya kale iliyothaminiwa zaidi ya pauni milioni tatu. Utaratibu mzuri. Lakini sheria zote hizo zinauliza umri wa kitu, au bei yake, au shamba ni la nani. Hakuna inayouliza alichouliza bibi.

Mimi naona hivi. Vitu vilivyo chini ya ardhi ni vya aina nne. Kuna ambavyo hakuna mtu aliyeviweka, kama dhahabu kwenye mwamba. Hivyo ni vya wote, na mwenye kuvichimba awe na ruhusa ya wote. Kuna vilivyodondoka, kama shilingi iliyotoboka mfukoni. Mwenyewe amekwisha kuisamehe. Kuna vilivyofichwa, ambavyo aliyeficha alikusudia kurudi. Na kuna vilivyolazwa, kama vya makaburini, ambavyo aliyeviweka alikusudia visirudi kamwe. Mwenye kuchukua kilichodondoka ameokota. Mwenye kuchukua kilichofichwa amevunja ahadi ya mtu na nafsi yake. Mwenye kuchukua kilicholazwa amevunja ahadi ya watu na maiti wao. Mashine inavililia vyote sawa, ndiyo maana haifai kuwa ndiyo inayoamua.

"Sasa utajuaje ni kipi?" binamu akaniuliza. "Vimefukiwa!"

Jibu ni rahisi mpaka linatia aibu. Unapiga hodi. Kabla ya kuwasha mashine unakwenda kwenye nyumba ya karibu, unaamkia, unauliza pale walikaa akina nani. Tungefanya hivyo siku ile tungemkuta bibi kwenye kizingiti chake, angetuonyesha ghala lilipokuwa, tungemtafutia jembe lake badala ya kunyang'anyana naye. Tendo lingekuwa lile lile, shimo lile lile, jembe lile lile. Tofauti ni hodi tu, lakini hodi ndiyo inayotenga mgeni na mwizi. Kwa hiyo wema wetu, binamu yangu, ulikuwa wa bahati. Wema wa bahati si wa kujivunia.

Na ile hoja ya mitambo mikubwa? Ni kweli, mkubwa akikosa hachapwi kama mdogo. Lakini kosa la mwenye mtambo halimpi mwenye sururu kibali cha kumkosea bibi. Bibi hakuwa na hisa kwenye mgodi wowote. Tukilipiza kwake, tumemlipia nani?

Sasa nirudi Mwitongo, maana hapo ndipo ninapojikamata mwenyewe. Kwa nini nilimkemea binamu pale, nikawa wa kwanza kupiga magoti na kuchimba kwa bibi? Yote ni matongo. Yote yana wazee wake. Nimejiuliza sana, na jibu silipendi: pale Mwitongo pana walinzi, makumbusho na jina kubwa. Kwa bibi palikuwa na minyaa. Heshima inayosubiri uzio si heshima, ni woga. Na mahame yale yaliachwa kwa ajili ya amri iliyotolewa na huyo huyo mzee tunayemheshimu Mwitongo. Simlaumu hapa, hiyo ni insha nyingine. Nasema tu kwamba wenye jina wana makumbusho, na wasio na jina wana jembe moja chini ya ghala. Ukilichukua hilo, umechukua makumbusho yao yote.

Mwalimu mwenyewe aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare ya wale mabepari wa Venisi, iliyotoka mwaka 1969. Mnaikumbuka: wachumba wanaletewa masanduku matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi, na mwenye kuchagua la risasi ndiye anayempata mwali. Detekta yetu ingetupoteza siku ile.

Nawaandikia ninyi wenzangu mnaotaka kuandika, maana na sisi tuna mashine zetu. Ningali na yale madaftari matatu. Ndani yake kuna siri ya shangazi yangu, kuna ugomvi wa wazee wangu ambao ulifukiwa kabla sijazaliwa. Kalamu yangu ilipolia juu yake nilichimba, nikafurahi, nikasema hadithi haina mwenyewe. Shangazi yuko hai. Nimeamua mwezi ujao nipande basi niende kwake, nikamuulize. Akikataa sijui nitafanya nini na kurasa themanini. Lakini nitakuwa nimepiga hodi.

Binamu bado anazunguka na Hiace. Siku hizi, ananiambia, anaanza kwa kuamkia.